Uchovu wa rohoni: mimi nilisaidiwa na kunyamaza

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Dada aliyeanzisha uzi anasema anaimba kwaya, ni katibu wa jumuiya, hakosi mkesha, na bado anarudi nyumbani mtupu. Anauliza aongeze siku za kufunga au atafute mtu wa kumwombea. Wengi mmemjibu aongeze. Mimi namwomba kwanza asiongeze chochote, maana nimepita hapo hapo.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya parokiani kwa miaka tisa. Mama yangu alipofariki, tulizika Jumanne na Jumamosi nikawa kwenye mazoezi, kwa sababu Kipaimara kilikaribia na sauti ya tatu ilikuwa haijakaa. Watu wakasema nina imani. Kumbe nilikuwa nakimbia msiba. Kufika Kwaresima nilikuwa napiga kinanda huku nahesabu nyimbo zilizobaki, kama mlinzi anayesubiri zamu iishe. Nikipiga magoti nyumbani maneno yanatoka, moyo haupo. Nikalipeleka hilo kwenye kitubio. Nilitegemea kupewa rozari nyingi. Padre akaniambia niende Peramiho siku nne za mafungo, yaani kujitenga kwa sala na ukimya, na simu niiache nyumbani.

Peramiho iko magharibi mwa Songea, mwendo wa kilomita ishirini na kitu. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni pale mwaka 1898, na hadi leo watawa wanaishi kwa sala na kazi. Nilifika na ratiba niliyojiandikia kwenye daftari: saa ya rozari, saa ya Njia ya Msalaba, sura za kusoma. Bruda anayepokea wageni alinitazama, akanipa ufunguo, akasema: "Mwalimu, kalale. Kengele ya masifu ya jioni utaisikia."

Nililala mchana kweupe, tena kwa aibu, kana kwamba namwibia Mungu muda wake. Baadaye ndipo nikamkumbuka Elia katika 1 Wafalme 19. Alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule". Palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Mlima Horebu na ile sauti ndogo ya utulivu vilikuja baada ya hapo.

Jambo lililonigeuza ni dogo mno. Watawa wakisali zaburi hupokezana, upande huu na upande ule, na katikati ya kila mstari hunyamaza pumzi moja. Jioni ya kwanza sikulijua hilo. Nilisoma mstari moja kwa moja na sauti yangu ikasikika peke yake kanisa zima. Nikajikaza. Mstari uliofuata, tena. Mimi niliyezoea kuwapigia wengine mapigo nilishindwa kungoja pumzi moja. Siku ya pili nikaanza kuweza. Siku ya tatu tulifika mahali panapomtaja mama na koo likaniziba, nikashindwa kabisa kusoma. Nikasimama nalia. Zaburi ikaendelea. Upande ule ukaitikia, upande wetu ukapokea, mzee aliyekuwa karibu yangu akanisogezea kitabu na kuniwekea kidole kwenye mstari, bila kunitazama. Miaka tisa niliamini nikinyamaza mimi, sala itakatika. Haikukatika. Nilibebwa.

Tangu siku ile Mathayo 11 naisikia tofauti. "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Halafu anasema jitieni nira yangu. Kwa hiyo kazi ipo. Lakini nira ile ya kwaya kutoshindwa, ya watu kutoniona nalia, niliichonga mwenyewe na kuiita utumishi.

Niliporudi niliongea na paroko, mazoezi ya Jumamosi akakabidhiwa kijana niliyekuwa nikimfundisha. Mwezi mzima nilikaa benchi la waamini na mke wangu na watoto, nikapokea Ekaristi bila kuwaza wimbo unaofuata. Nilikuwa nawafundisha watoto wa kipaimara amri ya tatu, "Shika kitakatifu siku ya Mungu", nami Jumapili yangu ilikuwa siku ngumu kuliko Jumatatu ya kazini.

Dada yangu, kama unakosa usingizi kwa wiki nyingi, huli, au unatamani usiwepo, nenda pia hospitali ukaonane na daktari. Tafadhali usiache mtu akwambie huko ni kukosa imani. Ule ukavu wa rohoni haukuniisha kwa siku nne. Uliondoka taratibu, na kuna majuma unarudi. Siku hizi ukirudi sipigi kelele kuufukuza. Nasoma zaburi moja, naacha ile pumzi katikati ya kila mstari.

Ukatibu, mwombe mwenyekiti akupumzishe hata miezi miwili, jumuiya haitakufa. Mafungo, piga simu kwanza upange nao siku. Na usiku huu, kabla ya kulala, chukua Zaburi ya 4. Mtakatifu Benedikto aliiweka kwenye sala ya kufunga siku tangu karne ya 6. Mstari wa mwisho usome polepole, ukiwa umeshazima taa kama unaujua kwa kichwa: "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara." Mkesha wa Ijumaa hii usiende.