Kwani watawa wa Kibudha wa msituni hukaa tu wamefumba macho?

Hapana ndugu yangu, kutwa nzima haiwezekani. Chukua monasteri ya Wat Pah Nanachat huko Ubon Ratchathani, Thailand, iliyoanzishwa na mtawa na mwalimu wa Kithai Ajahn Chah mwaka 1975 kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Kengele hulia saa tisa usiku. Kukipambazuka, watawa hutoka peku na bakuli zao, wanakijiji wanawatilia wali unaonata, tonge kwa tonge. Mlo ni huo mmoja tu asubuhi, basi hadi kesho. Alasiri ni fagio. Majani ya msituni hayaishi, na kufagia kwenyewe ni taamuli, sawa na kule kwenda na kurudi taratibu kwenye kijia cha kando ya kibanda cha mtawa. Mimi njaa ningeivumilia. Hiyo saa tisa ndiyo ingenishinda.