Tulifurahia mkono wa kulia

Mwanangu alizaliwa wiki ya 29, gramu 1,150. Siku ya tatu wakampima ubongo kwa utrasaundi kupitia utosini, maana pale mfupa haujafunga, wakakuta damu imevuja upande wa kulia. Mishipa ya ubongo wa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ni laini mno, na mara nyingi huvuja ndani ya siku 3 za mwanzo. Uvujaji ukiwa mdogo, wengi hukua bila shida. Wa kwetu haukuwa mdogo, ila hilo nililielewa baadaye. Tuliporuhusiwa nilibeba karatasi yenye vifupisho ambavyo hakuna aliyenifafanulia. Sikuuliza. Nilikuwa nahesabu gramu tu.

Alipofika miezi 8, kila kitu alikidaka kwa mkono wa kulia: kijiko, simu, ndevu za baba yake. Mama mkwe akafurahi, "Huyu kashaujua mkono wa kula!" Nami nikacheka. Wa kushoto muda wote ulikuwa ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani. Tukakaa hivyo miezi 2 mizima.

Kumbe mtoto hatakiwi kuchagua mkono kabla ya mwaka. Akiwahi kuchagua, huenda ule mwingine haumtii. Ubongo wa kulia ndio unaoongoza viungo vya kushoto. Daktari akaniambia ni mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia hauongozi viungo vizuri, na wake ni wa upande mmoja.

Wengine watakwambia njiti huchelewa, subiri. Ni kweli, ana umri wa aina mbili, wa kwenye kadi na wa kupimia makuzi: kupata huo wa pili, toa wiki alizowahi kuzaliwa. Wangu aliwahi 11, kwa hiyo miezi 6 ya kwenye kadi kwake ni mitatu na nusu. Hesabu hivyo hadi miaka 2, utapumzika na maneno ya majirani wenye watoto wa kulinganisha. Lakini hesabu hiyo haielezi kwa nini mkono mmoja umelala, wala kwa nini miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi ukimbadilisha nepi. Hapo nenda kliniki wiki hiyohiyo, na karatasi ya utrasaundi mkononi. Uliza damu ilivuja upande gani, na kiasi gani.

Sisi mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituelekeza kuuvisha soksi mkono wa kulia kwa muda mfupi kila siku, ili wa kushoto ulazimike kucheza. Mtoto analia, mimi natamani kuivua. Aliyekuwa na moyo wa kumsimamia ni bibi yake, yuleyule wa mkono wa kula.