Muulize Fundi: Eabegi ya Vitz yangu ichomolewe?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Sengerema. Nina Vitz ya 2004 niliyonunua Mwanza kwa mtu, si kwa kampuni. Shemeji yangu aliyeko Dar amenitumia ujumbe kwamba kuna magari ya Kijapani yanayoitwa yarudishwe kwa sababu eabegi zake, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali, zikifumuka zinarusha vyuma. Nikaenda kwa fundi mmoja Mabatini, akasema nimpe laki moja na nusu aichomoe ya usukani, "halafu taa nakuzimia mama, unasahau." Mume wangu anasema gari tunalo miaka yote hii na halijafanya kitu. Taa yenyewe, ya eabegi kwenye dashibodi, haiwaki. Kila Jumamosi navuka daraja la Kigongo–Busisi kuja mjini, mwanangu wa darasa la tatu kakaa mbele. Nishike la nani? (Mwalimu, Sengerema)

JIBU: Marahaba mwalimu. Hiyo laki na nusu kaa nayo kwanza.

Shemeji yako hajakudanganya. Eabegi hizo ni za kampuni ya Kijapani iliyoitwa Takata, iliyokuwa ikiwauzia watengenezaji wengi: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, hata BMW. Honda walianza kuyaita magari yao mwaka 2008, wengine wakafuata mmoja mmoja, na Juni 2017 Takata ikafilisika. Vifaa vilivyotakiwa kubadilishwa duniani ni kama milioni 100. Vitz nazo zimo, ila si zote.

Tatizo lenyewe liko hivi. Nyuma ya nembo ya usukani kuna mfuko uliokunjwa, na chini ya mfuko kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya baruti. Upande wa abiria ni vilevile, ndani ya dashibodi. Gari likigonga, vidonge vinawaka na gesi inaujaza mfuko kabla hujapepesa jicho. Baruti ya Takata ilikuwa amonia nitreti. Vijana wa migodini Geita wanaijua kwa kupasulia miamba, na wakulima wanaikuta kwenye mbolea ya CAN. Kama uliwahi kuacha mfuko wa CAN wazi wakati wa masika, unajua inavyovuta unyevu. Kwenye kikopo hivyo hivyo: joto la mchana, ubaridi wa usiku, unyevu, mwaka hadi mwaka, vidonge vinapasuka na kuwa ungaunga. Gogo huungua taratibu, lakini vumbi la mbao huwaka lote kwa mpigo. Kikopo kinazidiwa, kinapasuka, na vipande vyake vinatoboa mfuko na kumfuata aliyekaa mbele yake. Marekani peke yake wamekufa watu zaidi ya 25, wengi kwenye majimbo ya joto na unyevu kama Florida. Malaysia nako watu wamekufa. Sasa gari la 2004 linalolala nje huku kwetu kando ya ziwa, wewe mwenyewe pima.

Kwa hiyo baba watoto anaposema gari lina miaka na halijafanya kitu, mwambie kwa heshima zote kwamba miaka hiyo ndiyo inayoviharibu vidonge.

Nije kwenye taa, maana hapa watu wengi wanajifariji. Taa ya eabegi inaangalia waya na umeme wake, yaani kama mzunguko umekamilika. Hali ya baruti ndani ya kikopo haiijui. Kikopo kibovu cha Takata hakiwashi taa yoyote. Halafu jaribu hili kesho asubuhi: fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde kama sita, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaichezea kabla yako. Wapo wanaotoa balbu, wapo wanaochomeka rezista, kidude cha umeme cha bei ya soda, kwenye soketi ili kompyuta idhani eabegi ipo. Ndiyo hiyo "nakuzimia" uliyoahidiwa, na mimi kazi ya namna hiyo huwa naikataa hata mteja akinuna.

La kufanya ni kutafuta namba ya chesisi. Ipo kwenye kadi ya gari, na ipo kwenye kibati ndani ya boneti, upande wa ukuta wa injini. Hakikisha zinafanana. Kwa Vitz iliyouzwa Japani inaanza na herufi na namba kama SCP10, kistari, kisha tarakimu saba. Hapa ndipo watu wanapopotea: wanaingia kwenye tovuti ya Marekani, ile inataka namba yenye herufi na tarakimu 17, inawakatalia, nao wanashangilia kwamba gari limepona. Gari halijapona, limeulizwa mahali pasipolijua. Nenda tovuti ya Toyota ya Japani yenyewe, kwenye ukurasa wa kutafuta kwa namba ya chesisi. Imeandikwa Kijapani, lakini simu yako itakutafsiria, na wanafunzi wako wa darasa la saba watakusaidia ukikwama. Itakuonyesha kama gari liliitwa, na kama lilishatengenezwa. Japani tangu Mei 2018 magari yenye vikopo vya hatari ambayo hayajatengenezwa yalianza kukataliwa kwenye ukaguzi wa lazima wa magari, lakini hilo halisaidii gari lililokwisha kupanda meli kabla.

Likionekana liliitwa na bado, piga picha ya majibu, peleka na nakala ya kadi kwa wakala wa Toyota hapa nchini, uombe wakujibu kwa maandishi. Kazi ya gari lililoitwa na kiwanda haitozwi mwenye gari. Wakikuzungusha kwa sababu gari liliingia kama mtumba, andika Tume ya Ushindani, FCC. Kumlinda mlaji ni kazi yao kwa sheria ya 2003.

Huyo fundi wa Mabatini nina ugomvi naye mwingine. Kwa Toyota nyingi za miaka ile kilichoitwa ni kikopo cha upande wa abiria, yeye anataka kuchomoa cha usukani bila hata kuuliza namba. Tena muulize atasubiri muda gani baada ya kutoa terminali hasi ya betri. Toyota wanasema si chini ya sekunde 90, kwa sababu kompyuta inabaki na chaji ya kufumua mfuko. Akicheka, chukua ufunguo wako.

Na mwanao ahamie nyuma Jumamosi hii hii, amefungwa mkanda. Hata eabegi ingekuwa nzima, mtoto wa darasa la tatu kiti chake ni cha nyuma.

SWALI: Fundi, IST yangu iligongwa, eabegi zote mbili zikafumuka. Nimepata za mtumba bei poa, kijana anasema ni za Japani kabisa. Nifunge? (Dereva, Kirumba)

JIBU: Usifunge, kaka. "Za Japani kabisa" ndiyo inayonitisha: Takata nao walikuwa wa Japani kabisa, na kikopo kilichooza ndani kwa nje kinang'aa. Tena mfuko pekee hautoshi. Kompyuta ya eabegi imeshaandika ajali, na mikanda ya mbele huenda ilijivuta na kujifunga siku hiyo. Ivute yote miwili leo. Usioteleza vizuri na kurudi wenyewe, badilisha huo kabla ya kuwazia eabegi.