Kwa wakala wa mara ya kwanza: usitoke kituoni bila Fomu 34A

Kabla sijakueleza lolote kuhusu kulinda kura za chama chako kituoni, na kuhusu Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya urais ya kila kituo, chukua kalamu tufanye hesabu. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi wa urais nchini Kenya kwa kura 7,176,141, naye Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Vituo vya kupigia kura mwaka huo vilikuwa 46,229. Gawa. Unapata kura tano kwa kila kituo. Tano! Na duru ya pili iliepukwa kwa uzi mwembamba zaidi, kwa sababu Katiba inamtaka mshindi avuke nusu ya kura na apate angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Zile kura zilizomvusha Ruto juu ya nusu, ukizitawanya katika vituo vyote, hazifiki mbili kwa kituo.

Ndiyo maana huwa nacheka kimoyomoyo nikisikia kijana aliyepewa uwakala akiulizia jinsi ya kufika Bomas. Bomas ni ule ukumbi wa Nairobi yalikotangaziwa matokeo ya 2022. Kura ya rais huhesabiwa darasani, juu ya dawati lililochorwa majina ya wanafunzi, usiku wa manane, na watu waliochoka. Mimi nimekuwa hapo mara tatu, 2013, 2017 na 2022, na karibu kila ninachokijua nilikijua kwa kukosea.

Kosa la kwanza halikuwa langu. Mwaka 2017 chama kilichonituma kilichapisha barua yangu ya uteuzi na jina ambalo halikulingana na la kitambulisho. Herufi moja tu ilipotea njiani. Msimamizi wa kituo, mwalimu mpole lakini asiyepinda, aliniambia, "Ndugu yangu, huyu kwenye barua simjui." Nikakaa nje hadi saa tano asubuhi nikipiga simu zisizopokelewa. Kwa hivyo barua ikikufikia, isome herufi kwa herufi siku hiyo hiyo, ule kiapo cha usiri mapema, na uhakikishe chama hakijampa mtu mwingine barua ya kituo chako. Ndani anaruhusiwa wakala mmoja wa chama kwa wakati mmoja, na nimeona wawili wa mrengo mmoja wakigombana mlangoni huku wapinzani wao wakiwa wameshaketi wanakunywa chai.

Fika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Utaonyeshwa masanduku yakiwa matupu, kisha yatafungwa kwa lakiri zenye nambari. Ziandike nambari hizo. Mchana hautakuwa na mengi: foleni, kifaa cha KIEMS kinachosoma alama za vidole, mkulima ambaye vidole vimesuguliwa na jembe hadi kifaa kinamkataa mara tatu. Usiingilie kazi ya makarani. Kuna wakati mmoja tu wa mchana ambao ningekuomba unyanyuke kitini, nao ni mpigakura anapoomba kusaidiwa. Asipokuja na mtu wake, msimamizi humsaidia mbele ya mawakala. Nenda usikilize. Tulikuwa na nyanya mmoja aliyeulizwa kwa sauti ya chini anamtaka nani, naye akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye foleni. Watu wakaangua kicheko. Tulichokuwa tunalinda pale ni alama iende alikosema nyanya. Siri alikuwa ameshaitoa mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni milango hufungwa, lakini aliye kwenye foleni kwa wakati huo atapiga kura. Hilo halina mjadala, hata kama unaona foleni si ya watu wako.

Sasa kula. Sisemi mzaha. Kazi yako halisi inaanzia hapa, na chama hakitakuletea chakula, au kitakuletea saa nane usiku. Mwaka 2013 mitambo ya kuwatambua wapigakura ilifeli katika vituo vingi na kwetu tulimaliza tumechelewa sana. Kura za urais zikahesabiwa, nikatoka nje kutafuta chai. Niliporudi fomu ilikuwa imejazwa na wenzangu wametia sahihi. Nikatia yangu bila kuisoma. Katika kituo cha kujumlishia kura cha eneobunge ndipo ilipogunduliwa kwamba jumla ya kura halali haikulingana na kura za wagombea zikijumlishwa. Mtu alikuwa amegeuza tarakimu mbili. Hakukuwa na wizi wowote, ni usingizi tu. Lakini msimamizi aliulizwa maswali mbele ya ukumbi mzima, na kila aliyeitazama ile karatasi aliiona sahihi yangu.

Kuhesabu kwenyewe huenda hivi. Kura za urais ndizo za kwanza. Msimamizi hukunjua karatasi moja, huiinua mawakala waione, hutaja jina, kisha huiweka kwenye fungu lake. Wewe chora vijiti vyako kwenye daftari, vinne na cha tano kikivikata. Usimtegemee wakala wa jirani hata kama ni rafiki yako. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700, kwa hiyo hakuna sababu ya kupotea hesabu ila uvivu.

Patakapokuwa moto ni kwenye karatasi zenye alama isiyoeleweka. Nakumbuka moja ya 2022: alama ya X kubwa iliyoanzia kwenye kisanduku cha mgombea mmoja, mguu wake mmoja ukagusa mstari wa jirani. Mwalimu aliyesimamia kituo akaigeuza kwenye mwanga wa taa. Wakala wa upande wa pili akasema imeharibika. Nikamwambia, "Dada, tazama pale mistari inapokatana. Iko wapi?" Akatazama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Iko kwenye kisanduku chenu." Ikahesabiwa. Kanuni inasema nia ya mpigakura ikionekana wazi, kura haitupwi kwa sababu tu alama imekaa vibaya. Hutupwa ile isiyo na alama kabisa, iliyochagua zaidi ya mmoja, iliyoandikwa kitu cha kumtambulisha mpigakura, au isiyo na alama za usalama za tume ya uchaguzi. Baada ya nusu saa ikaja karatasi kama ile, safari hii mguu ukielekea kwetu. Sikufungua mdomo. Ukidai haki kwenye kura yako na kuikana kwenye ya mwenzako, hakuna atakayekusikiliza tena usiku huo.

Ukiwa na shaka na jumla, omba zihesabiwe upya. Una haki hiyo, ila hazirudiwi zaidi ya mara mbili, basi usiitumie kwa hasira.

Fomu 34A ikishajazwa, fanya hesabu tatu kabla ya kugusa kalamu. Kura za wagombea wote zikijumlishwa ziwe sawa na kura halali zilizoandikwa. Kura halali ukiongeza zilizokataliwa zilingane na karatasi zilizotoka sandukuni. Na hizo zisizidi idadi ya watu waliotambuliwa siku hiyo. Linganisha pia tarakimu na maneno. Kama kuna kasoro, irekebishwe hapo hapo wote mkiona.

Wengi hudhani kukataa kutia sahihi ni silaha. Wakubwa wengine wa kampeni hata huagiza hivyo kwa simu: "Mambo yakiharibika, usitie." Kukataa peke yake hakubatilishi matokeo, na kutokuwepo kwako pia hakubatilishi. Kama una lalamiko la kweli, andika sababu zako ili zibaki kwenye kumbukumbu. Mahakama husoma maandishi. Haisomi mkono uliokunjwa kifuani.

Na mahakama husoma kweli. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais wa Agosti 8, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea barani Afrika. Waliodhani majaji walibishana kuhusu nani anapendwa walikosea. Sehemu kubwa ya kesi ilikuwa fomu: matokeo yalitangazwa kabla tume haijazipokea zote, na nyingine zilikosa alama zilizopaswa kuwepo. Mwaka 2022 tume ikaziweka 34A kwenye tovuti yake kila mtu azione. Kesi ilipofika kortini, fomu za tovutini zikalinganishwa na zile halisi, na majaji hawakuona tofauti ya maana. Matokeo yakadumishwa Septemba 5. Ona basi: fomu hiyo hiyo iliangusha uchaguzi mmoja na kuuthibitisha mwingine.

Kumbuka pia kwamba muda ni mfupi mno. Anayepinga ana siku saba tangu matangazo, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Wakili atakayekupigia simu siku ya nne akitaka nakala yako ya fomu hataki kusikia kwamba iko kwenye simu ya shemeji. Ipige picha, itume, kisha karatasi yenyewe iwekwe mahali pasipofika maji wala watoto.

Kuhusu pesa: patana kabla. Waliolipwa nusu ya ahadi ni wengi kuliko waliolipwa yote, na mtu aliyekasirikia chama chake saa tisa usiku ni rahisi kununuliwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na aliyenunuliwa hakuwa mtu mbaya.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Nikiitwa tena nitakwenda, ingawa mgongo unalalamika. Kitu ninachokipenda huja mwishoni kabisa. Mwalimu yule wa 2022 alipomaliza, alichukua nakala moja ya 34A na gundi ya karatasi, akaibandika kwenye mlango wa darasa. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita alisimama bila kuzima injini, akasogea, akafuata tarakimu kwa kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha akatoa simu na kupiga picha. "Mwalimu," akauliza, "hizi ndizo zitakazosomwa Nairobi?"

"Zikisomwa tofauti," mwalimu akamjibu huku akikusanya kalamu zake, "wewe unayo picha."