Michezo ya maandishi kwa Spectrum na Commodore 64: nianze na upi?

SWALI: Mjomba wangu ameniachia kompyuta mbili za miaka ya 1980, nazo zote zinawaka: ZX Spectrum ya kilobaiti 48 inayopakia programu kutoka kwenye redio ya kaseti, na Commodore 64 yenye kiendeshi cha diski cha 1541. Ningependa kucheza ile michezo ya hadithi ambayo mchezaji huandika amri kwa Kiingereza na kompyuta ikamjibu kwa maandishi. Nianze na upi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuchagua hadithi, tazama kwanza kila mashine inahifadhi programu zake wapi, kwa kuwa hilo ndilo lililoamua mchezo uwe mkubwa kiasi gani. Katika Spectrum yako, mchezo wote sharti uingie kwenye kumbukumbu kwa mkupuo mmoja, na katika zile kilobaiti 48, karibu 7 huchukuliwa na skrini. Commodore yako ina kumbukumbu ya kilobaiti 64, lakini diski ya 1541 hubeba takriban 170, nayo kampuni ya Infocom ya Marekani iliitumia nafasi hiyo kwa ustadi: sehemu za hadithi zinazobadilika hukaa kwenye kumbukumbu, na maelezo mengine huletwa kutoka diskini pale tu yanapohitajika. Ndiyo maana mchezo wao wa Zork I, ambao faili yake ya hadithi ina kilobaiti 80 na ushei, huchezeka kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo kuliko mchezo wenyewe, ilhali Spectrum ya kaseti haikupata toleo lake.

Kwa Commodore, hata hivyo, nisingekushauri uanze na Zork I, ingawa ndiyo maarufu zaidi. Taa yake huisha nguvu, mwizi hukupora hazina ulizozihangaikia, na atembeaye gizani huliwa. Anza na Wishbringer ya mwaka 1985, ambayo Infocom waliitunga kwa kuwafikiria wanaoanza: ndani yake lipo jiwe linalotimiza matakwa, na mafumbo mengi yanaweza kufumbuliwa ama kwa jiwe hilo ama kwa akili yako mwenyewe. Zork ifuate baadaye, ukiwa na karatasi na penseli ya kuchorea ramani. Ukifika kwenye vijia vyake vinavyofanana, dondosha kitu kimoja katika kila njiapanda ili uitambue ukirudi. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya 1984 inachekesha kwelikweli, lakini ina ukatili wake: usipompa mbwa mkate wenye jibini mapema, kosa hilo hukuua baadaye sana, wakati huna tena njia ya kurudi kulirekebisha.

Kwa Spectrum, jibu langu ni The Hobbit ya mwaka 1982, iliyotengenezwa Australia na Beam Software. Kuipakia huchukua dakika kadhaa, lakini utakachokipata ni jambo la ajabu kwa kumbukumbu ndogo kiasi hicho, kwani wahusika wana mambo yao: Gandalf huingia na kutoka apendavyo, na Thorin huketi akaanza kuimba kuhusu dhahabu wakati wewe unatafuta njia ya kutoroka. Unaweza hata kumwamuru mwenzako kwa kuandika SAY TO THORIN na kuweka amri ndani ya alama za kunukuu. Ina hitilafu zake, kwa hiyo hifadhi mchezo mara kwa mara.

Kuhusu Kiingereza, usiogope. Zork husoma herufi 6 za mwanzo tu za kila neno, kwa hiyo ukikosea mwisho wa neno refu haitajali. Adventureland ya Scott Adams, iliyotoka mwaka 1978, husoma herufi 3 na hupokea amri ya maneno mawili, kitenzi na nomino. Kwa mtu anayejifunza namna michezo hii inavyofikiri, ufupi huo ni msaada, ingawa maelezo yake ni makavu.

Jambo la mwisho linahusu diski. Michezo ya Infocom kwenye Commodore huhifadhi hatua zako kwenye diski ya pekee iliyokwisha kuandaliwa, kwa hiyo iandae kabla ya kuanza, kwa kuweka diski tupu na kuandika OPEN 15,8,15,"N:HIFADHI,01":CLOSE 15. Amri hiyo hufuta kila kilichomo. Ziba kwa karatasi ya gundi ule mkato wa pembeni mwa diski ya mchezo wenyewe, ili hata ukiichanganya na nyingine kiendeshi kishindwe kuiandika.