Mafaili ya ISO kwenye terminali: maswali yenu

Nina faili la ISO na ninachohitaji ni PDF moja tu iliyomo ndani. Lazima nilichome kwenye CD kwanza?

La. ISO ni nakala ya diski nzima, kwa hiyo Linux hulifungua kama diski yenyewe:

`sudo mount -o loop,ro kozi.iso /mnt`

Yaliyomo yataonekana kwenye folda ya /mnt. Nakili PDF yako, kisha uifunge kwa `sudo umount /mnt`. Ni umount, si unmount. Hiyo n imewapotezea watu muda, mimi nikiwemo. Ikikataa kwa madai kwamba inatumika, angalia kama terminali yako haijakaa humo humo ndani. Andika `cd`, ujaribu tena.

Mbona siwezi kubadilisha chochote ndani yake?

Mpangilio wa ISO 9660, ambao ISO hutumia, ulibuniwa kwa ajili ya CD, ambayo ikishachomwa imechomwa. Nakili vyote kwenye folda, rekebisha huko, utengeneze ISO mpya kwa programu ya `xorriso`.

Nilikopi ISO ya Linux kwenye flashi, kompyuta haiwaki nayo. Rafiki kaniambia nitumie dd, ila naogopa.

Una haki ya kuogopa. Ulipokopi, uliweka faili ndani ya flashi. `dd` huandika kuanzia baiti ya kwanza ya flashi yenyewe, pamoja na sehemu ya kuwashia, na haikuulizi kama una uhakika. Kosea herufi moja tu, diski ya picha zako imekwenda.

Basi andika `lsblk`, inayoorodhesha diski zote, kabla ya kuchomeka flashi, kisha tena baada ya kuichomeka. Kwangu kilichoongezeka ni sdb, 14.9G: ndiyo flashi ya GB 16, maana lsblk huhesabu kwa 1024. Ile sda ya 476.9G ina kazi zangu zote, siigusi.

`sudo umount /dev/sdb1`
`sudo dd if=linux.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync`

`if` ni chanzo, `of` ni kinakoandikwa. Ni sdb, si sdb1, kwa sababu unataka flashi nzima. Hiyo `conv=fsync` usiiache: bila hiyo dd inaweza kusema imemaliza huku data bado iko kwenye RAM, nawe unachomoa.

Mount inakataa faili la .img nililotoa kwenye kadi ya SD.

Huenda lina patisheni kadhaa ndani, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Andika `sudo losetup -fP --show kadi.img`, inayolifanya faili lionekane kama diski; itakujibu jina, tuseme /dev/loop0. Maunti /dev/loop0p1 au p2, kutegemea unachotafuta. Ukimaliza, umount, halafu `sudo losetup -d /dev/loop0`.