Dinosauri vibete "waliishi" au "viliishi"?

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Lindi anayetengeneza video za watoto. Kaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Tunaandaa video kuhusu dinosauri wa visiwani, wale waliokuwa na maumbo madogo kuliko ndugu zao wa bara. Mimi nimeandika 'dinosauri vibete waliishi katika kisiwani cha Hațeg' (kisiwa cha kale, leo ni sehemu ya Romania), dada anayetusomea sauti akakataa, anasema ukishasema vibete lazima useme viliishi. Mwenzetu wa Mombasa yeye anaandika 'dinosauri zilikuwa kubwa' na haoni shida. Mwingine anasema hilo vibete tuliache, tuseme tu dinosauri wadogo. Tufuate la nani?"

Marahaba mwanangu. Kwenye waliishi uko sawa, dada kateleza kidogo, wa Mombasa ana hoja yake ntaifikia, na huyo wa dinosauri wadogo ndo kanifanya niandike kirefu, maana hapo pana mtego ambao hata wataalamu wa mifupa wenyewe ulishawanasa.

Tuanze na dada. Yeye anaona neno likishaanza na ki- au vi- basi sentensi nzima inafuata mkondo huohuo, na kwa kiti na kisu ni sawa kabisa, ila kiumbe mwenye uhai hafuati sheria hiyo hata jina lake lianze na nini. Kiboko, kinyonga, kipepeo, kiroboto, wote wana ki- lakini unasema kiboko mkubwa amezama, viboko wakubwa wamezama. Angalia neno kifaru linavyoonesha hili vizuri: kifaru amepita, huyo ni mnyama mwenye pembe, kifaru kimepita, hicho ni chuma cha jeshi na ukimbie. Neno moja, lakini kitenzi ndo kinakwambia kama kilichopita kinapumua au hakipumui.

Sasa kibete ni nomino iliyosimama pembeni ya nomino nyingine kuieleza, kama kipofu na kiziwi. Tunasema watu viziwi, watoto vipofu, hujawahi kusikia watu waziwi wala watoto wapofu, na hao watu viziwi wanafanyaje? Wanakuja, wanakula, wanacheka. Kwa hiyo dinosauri vibete waliishi, walikula, walitaga, dinosauri vibete hawa, dinosauri vibete wa Hațeg. Ile vi- inaishia palepale kwenye vibete, haivuki. (Na hapo nisisitize, neno hili kwa wanyama halina neno, kwa binadamu sema mtu mwenye kimo kifupi, usije ukamuumiza mtu bure.)

Kuna mahali pamoja tu dada angekuwa na haki, nalo ni pale wewe mwenyewe unapomdogosha mnyama kwa mdomo wako. Kijibwa kile kinabweka usiku kucha, kitoto hiki kinalia nini, hapo ki- imetoka kwenye hisia ya msemaji, dharau au huruma au mapenzi, na ndo maana inaburuta sentensi nzima. Kwahiyo ukimtungia mtoto hadithi ukasema kidinosauri kile kikakimbia kikajificha, safi kabisa, mtoto atacheka. Ila kwenye maelezo ya sayansi hatuonei mtu huruma, tunataja kimo tu, basi rudi kwenye waliishi.

Haya, "dinosauri wadogo". Tatizo ni kwamba mdogo kwa Kiswahili anabeba mambo mawili kwa wakati mmoja, umbo na umri. Mdogo wangu anaweza kuwa ananizidi kichwa kizima na bado ni mdogo wangu. Sasa mtu akisikia dinosauri wadogo kumi walipatikana kwenye machimbo, nusu ya wasikilizaji wako watawaza watoto, na ndivyo ilivyotokea kweli kule Ujerumani. Mwaka 1998 kwenye machimbo ya chokaa ya Langenberg, karibu na mji wa Goslar, mtu mmoja ambaye kuokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, ilikuwa ni mapenzi yake tu, Holger Lüdtke, alipata jino la dinosauri. Wakachimba, ikatoka mifupa ya wengi wa aina moja, wa shingo ndefu, ila wadogo wadogo, kuanzia mita 1.7 mpaka mita 6.2 hivi kwa urefu wa mwili. Kwa jamii ile ya shingo ndefu mita 6 ni mtoto, kwahiyo dhana ya kwanza ikawa hiyohiyo, hawa ni watoto, wakubwa wao watakuwa sehemu nyingine.

Mtaalamu Martin Sander wa Chuo Kikuu cha Bonn na wenzake wakafanya kitu ambacho mimi nakipenda sana, wakakata mifupa vipande vyembamba mno mpaka mwanga unapenya, wakaviweka chini ya darubini. Mfupa wa mnyama anayekua huwa unaacha mistari, na mnyama akishakomaa ile mistari inaanza kubanana karibu na ukingo wa nje kwa sababu mfupa haunenepi tena. Kwenye ile mifupa mikubwa ya Langenberg mistari ilikuwa imebanana. Yaani yule wa mita 6 alikuwa mtu mzima kamaliza kukua! Mwaka 2006 wakamtangaza kwa jina la Europasaurus holgeri, hilo la pili kwa heshima ya yule aliyeokota jino. Kipindi kile, miaka milioni 154 hivi iliyopita, sehemu hiyo ya Ujerumani ilikuwa bahari ya kina kifupi yenye visiwa, na kisiwa chakula chake kina mpaka, kwa hiyo vizazi na vizazi anayekua taratibu na kuishia kimo cha wastani ndo anayefaulu kuliko jitu linalotaka majani ya msitu mzima. Kwahiyo unaona, hapo ukisema wadogo umerudisha kosa lilelile ambalo darubini ilishalisahihisha. Vibete ndo neno lenyewe, maana kibete ni mtu mzima.

Na wewe wa Lindi hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Huyo Europasaurus ni wa ukoo mmoja na yule mkubwa wa Tendaguru, hapohapo kwenu, Giraffatitan, na wameishi zama za kukaribiana, mwisho mwisho wa Jurasiki. Wa Tendaguru aliishi kwenye bara kubwa, akakua mpaka mita 20 na ushee kwa urefu wa mwili, na kiunzi chake kilichosimamishwa Berlin kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde kina kimo cha mita 13.27. Ndugu wawili, mmoja bara mmoja kisiwani, angalia tofauti. Kama video yenu haina hilo basi liongezeni, na mkiligusa msisahau kwamba walioichimba mifupa ile kati ya 1909 na 1913 kwa mamia yao walikuwa watu wa huko kusini, msimamizi wao mkuu Boheti bin Amrani, ambaye mwaka 2007 dinosauri mwingine wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Wajerumani Janensch na Hennig walioongoza uchimbaji ule mwanzoni wanatajwa kila siku, Boheti hatajwi, mimi linanikera.

Turudi Hațeg yenyewe, maana ndo mada yenu. Hii leo ni sehemu ya Romania, Transylvania huko, lakini mwishoni mwa zama za Kretasia, miaka milioni 70 hivi iliyopita, ilikuwa kisiwa. Mwaka 1895 msichana anaitwa Ilona aliokota mifupa kwenye ardhi ya familia yao, akampa kaka yake Franz Nopcsa, kijana wa kibwanyenye, kaka naye akaibeba hadi Vienna kwa profesa Eduard Suess, akaambiwa kama unataka kuijua basi kaisome mwenyewe. Akaisoma kweli, na yeye ndo wa kwanza kusema hawa wanyama maumbo yao yamepungua kwa sababu ya kuishi kisiwani. Hakuaminiwa na wote, hoja ikawa ileile, pengine ni watoto. Mpaka 2010 watafiti walipokata mifupa ya Magyarosaurus, wa shingo ndefu wa mita 6 hivi, wakakuta ni ya watu wazima. Nopcsa alishakufa tangu 1933. Lakini msiseme kila wa Hațeg ni kibete, maana kisiwa hichohicho kimetoa na mwingine wa shingo ndefu, Uriash, anayekadiriwa mita 12, kwa hiyo andikeni "baadhi ya dinosauri wa Hațeg walikuwa vibete", hilo baadhi lisikose.

Mkifika kwa Hatzegopteryx ndo muwe makini zaidi. Huyo sio dinosauri, ni terosauri, mtambaazi wa kuruka ambaye wengi humwita mjusi ingawa sio mjusi hasa, mabawa yakitanuliwa mita 10 hivi au zaidi, shingo fupi nene, na kwa kuwa hakuna mabaki ya dinosauri mkubwa mla nyama yaliyopatikana kisiwani humo, watafiti wengine wanaona yeye ndo alikuwa anawawinda hao vibete. Hapa mnaruhusiwa kufanya kinyume cha kijibwa: joka lile liliruka, jitu lile lilitua, li- imekuja kwa sababu umemkuza kwa hofu. Ila mkitaja jina lake, Hatzegopteryx aliruka, sio iliruka. Jina la kigeni halimtoi kwenye uhai. Na kwa kuwa nimetaja mjusi, nimeshaona video kadhaa zinasema "mijusi mikubwa ya kale", jamani, mijusi wakubwa wa kale, hiyo mi- ni kama ile ki- ya kiboko.

Wa Mombasa sasa. Dinosauri zilikuwa kubwa. Sikia, watu wa pwani na hata bara wanasema ng'ombe zangu, mbuzi zake, sokoni unasikia samaki hizi bei gani, na siwezi kumwambia mvuvi hajui Kiswahili. Majina ya mnyama yasiyobadilika kwa wingi, kama ng'ombe na samaki na dinosauri, yanavutwa kwenye ngeli ya i-zi hasa ikija kumilikisha. Mazungumzo ni mazungumzo. Ila video ya watoto inayofika shuleni, mtoto ataandika zilikuwa kwenye mtihani na atakatwa maksi, kwa hiyo andika dinosauri walikuwa wakubwa. Mombasa asinune.

Lipo lingine ambalo hamkuuliza lakini litawakuta tu: mnyama amekufa miaka milioni 70, amegeuka jiwe, bado ni wa- tu? Ndiyo, kufa hakumuondolei hadhi, tunasema ng'ombe aliyekufa, kuku aliyechinjwa. Kinachobadilika ni pale unapotaja kilichobaki badala ya mwenyewe. Mzoga umeoza, mfupa umevunjika, kisukuku kimepatikana, kiunzi kimesimamishwa, mabaki yamehifadhiwa. Kwa hiyo yule wa Berlin, ukimnyooshea kidole ukasema dinosauri yule ana shingo ndefu, sawa, ukisema kiunzi kile kina shingo ndefu, sawa pia, lakini "dinosauri ile ilichimbwa" inanikwaruza sikio, sema mifupa yake ilichimbwa. Halafu spishi: hiyo ni jina la kundi, fungu la kwenye vitabu, nayo ni i-zi hata kama ndani yake wamejaa viumbe. Spishi hii iliishi kisiwani, dinosauri wa spishi hii waliishi kisiwani. Zote mbili sawa, kasoro yake ni kuzichanganya, "spishi hii waliishi", ambayo naiona mpaka magazetini.

Mwisho, kwenye sentensi yako kuna kosa ambalo hata dada hakuliona, wote mlikuwa bize na vibete. Katika kisiwani. Ile -ni mwishoni mwa kisiwani tayari ina katika ndani yake, ukiziweka zote umesema kitu mara mbili, na ukishaweka -ni huwezi kuendelea na cha, kisiwani cha Hațeg haipo, ungelazimika kusema kisiwani kwa Hațeg au kisiwani mwa Hațeg ambayo hakuna mtu anaisema kwa raha. Chukua mojawapo: waliishi katika kisiwa cha Hațeg, au waliishi kisiwani Hațeg. Kwa masikio ya watoto mimi ningechukua ya pili, fupi, na dada hatakatika pumzi akiisoma.